Soma mfumo wa ushambuliaji, ujue chuo kitasajili nani

Kijana wa miaka 17 anayecheza nafasi ya mpokeaji haanzi kwa kusoma historia ya chuo kinachomtaka. Anafungua video za mechi zao na kuhesabu: yule anayesimama pale ninaposimama mimi ametupiwa mpira mara ngapi? Akihesabu mara mbili kwa mechi nzima, hata kocha mwenye ulimi wa asali atapata shida kumshawishi. Akihesabu mara kumi, nusu ya kazi ya kocha imekwisha kufanyika. Katika futiboli ya vyuo ya Marekani, mfumo wa ushambuliaji ni ahadi ambayo timu huitoa hadharani kila Jumamosi, na usajili huifuata ahadi hiyo: nani anakuja, nani anakataa mapema, nani anahama baada ya mwaka mmoja.

Mwongozo huu unamfaa anayefuatilia mchezo huo kwa makini, na zaidi mzazi au mlezi ambaye kijana wake ameanza kutafutwa na makocha. Kumbuka mambo machache tu. Kila upande una wachezaji 11. Wanaoshambulia wana majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10. Mbele hukaa wazuiaji watano: mmoja wa kati, wawili wa ndani, wawili wa ukingoni. Nyuma yao yupo kwotabeki, anayepokea mpira kwanza na kutupa pasi. Watano wanaobaki kocha huwagawa atakavyo kati ya wakimbiaji, wapokeaji na taitiendi, yaani yule mchezaji mkubwa anayezuia na pia kupokea pasi. Usajili wote umejificha katika mgawo wa hao watano.

Hesabu mwenyewe

Karibu kila kocha siku hizi atakuambia anacheza mfumo wa kutawanya wachezaji uwanjani. Jina hilo limepanuka mno kiasi cha kutokuwa na maana. Chukua mechi tatu za msimu uliopita: moja waliyoshinda kirahisi, moja waliyofungwa, na moja iliyoamuliwa mwishoni. Tazama robo tatu za kwanza tu. Robo ya nne hudanganya, kwa sababu anayeongoza hukimbiza mpira ili kula muda, na aliye nyuma hutupa kila kitu.

Kwa kila shambulio andika mambo matatu. La kwanza, kocha aliita pasi au mbio? La pili, namba ya kikosi: tarakimu ya kwanza ni idadi ya wakimbiaji, ya pili ni idadi ya taitiendi. Hivyo 11 ni mkimbiaji mmoja na taitiendi mmoja, na wapokeaji watatu. 12 ni mkimbiaji mmoja na taitiendi wawili. 10 haina taitiendi kabisa, wapokeaji ni wanne. La tatu, mpira ulilengwa kwa nani, hata kama haukudakwa.

Usitegemee karatasi ya takwimu peke yake. Tuseme inaonyesha pasi 30 na mbio 38. Katika takwimu za vyuo, kwotabeki akiangushwa kabla ya kutupa mpira, tukio hilo huandikwa kama mbio na yadi alizopoteza hukatwa huko huko kwenye mbio. NFL, ligi ya kulipwa, haihesabu hivyo. Kama aliangushwa mara nne, na mara nyingine tano akakimbia kwa kuwa hakuona wa kumtupia, basi kocha aliita pasi 39 na mbio 29. Timu uliyodhani ni ya mbio kumbe ni ya pasi, tena ina upungufu wa wazuiaji wa ukingoni. Kwa mzuiaji anayetafutwa hiyo ni nafasi iliyo wazi. Kwa kwotabeki ni onyo.

Ukimaliza, jumlisha mipira iliyolengwa kwa kila nafasi, kisha gawa kwa tatu. Namba hiyo ndiyo utakayoilinganisha na maneno ya kocha atakapokuja sebuleni.

Kutoka kwenye namba hadi kwenye miili

Kila mfumo unadai aina yake ya mwili, na sababu ni za kiufundi kabisa.

Chukua mfumo wa chaguo tatu. Kwotabeki anaweza kumpa mpira mkimbiaji wa kati, kukimbia nao mwenyewe, au kumrushia mkimbiaji wa pembeni sekunde ya mwisho. Mlinzi mmoja huachwa makusudi bila kuzuiwa. Kwotabeki humtazama, na akimfuata huyu, mpira unakwenda kwa yule. Kwa kuwa watu fulani hawazuiwi, wazuiaji hawalazimiki kuwa milima ya kilo 140. Wanatakiwa wepesi, wa kuwahi kufika na kupiga chini. Ndiyo maana vyuo vya kijeshi, Army, Navy na Air Force, vimeushikilia kwa miongo mingi. Vina masharti ya uzito na utumishi wa jeshi baada ya kuhitimu, hivyo jitu la kilo 140 linaloota NFL haliendi huko kirahisi. Mfumo umeugeuza upungufu huo kuwa silaha. Lakini kanuni zikibadilika, usajili nao unatikisika: mwaka 2022 NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, ilibana sana uzuiaji wa chini ya kiuno nje ya eneo la wazuiaji wa mbele, na mzuiaji mwepesi akapoteza sehemu ya faida yake.

Upande wa pili kabisa kuna Air Raid, uliojengwa na makocha Hal Mumme na Mike Leach kuanzia chuo kidogo cha Iowa Wesleyan mwishoni mwa miaka ya 1980. Wapokeaji wanne, pasi nyingi, na wazuiaji wanaosimama mbalimbali ili anayemkimbilia kwotabeki azunguke njia ndefu zaidi. Hapa kwotabeki hahitaji mkono wa mzinga; anahitaji kuuachia mpira mapema na kuuweka mahali pake. Mpokeaji wa ndani anaweza kuwa mfupi, mradi ajue kusimama kwenye pengo kati ya walinzi wawili. Wes Welker, mwenye urefu wa futi 5 na inchi 9, hakuwa na vyuo vikubwa vya kumgombania. Alicheza Texas Tech chini ya Leach, hakuchaguliwa kwenye drafti ya mwaka 2004, pale timu za NFL zinapochagua wachezaji wa vyuo kwa zamu, na baadaye akateuliwa Pro Bowl, mechi ya nyota wa NFL, mara tano. Texas Tech, chuo kilichoko Lubbock, kikishindana na Texas na Oklahoma, hakiwezi kushinda kwa kusaka aina ileile ya wachezaji. Mfumo wa Leach ulimwezesha kununua kile ambacho soko lilikipuuza. Kwangu hilo ndilo tumizi bora la mfumo katika usajili.

Kati yao wapo wanaocheza kwa nguvu: taitiendi wawili, mkimbiaji mzito, wazuiaji wakubwa. Wisconsin iliishi hivyo kwa miaka mingi na kutoa wakimbiaji kama Ron Dayne, Melvin Gordon na Jonathan Taylor. Iowa ni mfano ulio wazi zaidi, na wenye makali pande zote mbili. George Kittle, T.J. Hockenson, Noah Fant na Sam LaPorta wote ni taitiendi waliotoka hapo na kuingia NFL, Hockenson na Fant wakiwa raundi ya kwanza katika drafti moja ya 2019. Taitiendi wa sekondari akipigiwa simu na Iowa hana haja ya kuelezwa mengi. Mpokeaji wa pembeni naye anaona orodha hiyohiyo na kuelewa mpira unakwenda wapi.

Jambo moja ambalo wengi hulisahau ni safu mbili za alama za katikati ya uwanja, ambazo mpira huwekwa juu yake au kati yake kabla ya kila shambulio. Kwenye vyuo zimeachana futi 40. Kwenye NFL ni futi 18 na inchi 6 tu. Uwanja una upana wa futi 160, hivyo mpira ukiwekwa kwenye alama ya chuo unabaki futi 60 upande mwembamba na futi 100 upande mpana. Eneo lile pana ni shamba la mpokeaji mwenye kasi, na mifumo ya kutawanya hulilima kila wiki. Vilevile, katika pasi inayovuka mstari wa kuanzia, kanuni za vyuo huruhusu wazuiaji kusogea hadi yadi 3 mbele kabla mpira haujatupwa, wakati NFL ni yadi 1. Yadi hizo mbili ndizo zinazofanya mashambulizi ya RPO, ambayo kwotabeki huamua pasi au mbio baada ya mpira kuanza, yawe rahisi zaidi chuoni. Kocha mpinzani atayatumia yote mawili kumwambia kijana: namba unazoziona pale haziendi nawe NFL.

Kijana anauliza nini, na mpinzani anamjibu nini

Maswali ni matatu: nitagusa mpira mara ngapi, nitaanza kucheza lini, na waliosimama mahali pangu wamefika wapi. La tatu ndilo zito kuliko yote.

Tazama Oklahoma chini ya kocha Lincoln Riley. Kwotabeki Baker Mayfield alishinda Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka 2017 na kuchaguliwa wa kwanza kwenye drafti ya 2018. Kyler Murray akafuata kwa Heisman ya 2018 na nafasi ya kwanza 2019. Jalen Hurts akawa wa pili kwenye kura za Heisman ya 2019. Wote watatu walihamia kutoka vyuo vingine: Texas Tech, Texas A&M na Alabama. Kwa kwotabeki, mnyororo kama huo unazungumza wenyewe. Riley alipokwenda USC mwishoni mwa 2021, Caleb Williams alimfuata, akashinda Heisman mwaka 2022 na kuchaguliwa wa kwanza mwaka 2024. Alichofuata Williams ni mfumo na mwenye mfumo, na ukimpima kijana wa nafasi hiyo, tarajia atafanya vivyo hivyo.

Mashaka yapo pia kwa mifumo inayotoa namba kubwa. Jalin Hyatt wa Tennessee alipata tuzo ya Biletnikoff, ya mpokeaji bora nchini, mwaka 2022, lakini alichaguliwa raundi ya tatu. Mfumo wa pale hutawanya wapokeaji mno na kuwapa aina chache za njia za kukimbia, na wakaguzi wa NFL walijiuliza angefanyaje akipewa zote. Kama kijana wako ni mpokeaji, usiishie kuhesabu pasi. Hesabu aina za njia. Akiona tatu au nne tu katika mechi nzima, amuulize kocha, bila kuona haya, atajifunzia wapi nyingine.

Timu ya mbio nayo isiombe radhi. Inachotakiwa kuonyesha ni ubora wa kila pasi. Mwaka 2009 Georgia Tech ilicheza chaguo tatu chini ya Paul Johnson, na Demaryius Thomas akadaka mipira 46 tu. Ilimpa yadi 1,154, zaidi ya 25 kwa kila mpira, na Denver wakamchukua raundi ya kwanza. Sababu inaonekana kwenye video: walinzi tisa wamekazia macho mbio, naye yuko pembeni na mtu mmoja tu. Kocha wa mbio anayejua kazi yake humkalisha mpokeaji na kumwonyesha picha hiyo. Anayeahidi kwamba "mwaka huu tutatupa zaidi" anajiharibia, maana kijana ataihesabu mechi ya kwanza, na ya pili, kisha ataondoka.

Walinzi nao husoma mfumo wa ushambuliaji, ingawa wao hawashambulii. Mlinzi wa pembeni hufanya mazoezi dhidi ya wenzake siku nyingi kuliko anavyocheza mechi. Kama wenzake hawatupi pasi, atapata wapi mazoezi ya kumfunga mpokeaji? Na timu inayocheza kasi bila kusimama, ikikosa majaribio matatu ndani ya nusu dakika, inawarudisha walinzi wake uwanjani hawajapata hata pumzi. Mpinzani mwerevu atamwonyesha mlinzi hesabu hiyo.

Kupima mchezaji aliyekuzwa kwenye mfumo mwingine

Hapa nawageukia makocha, maana ndipo makosa mengi hutokea. Sekondari nyingi za Marekani hucheza kutawanya, kwa hiyo chuo cha nguvu humkuta mzuiaji mkubwa ambaye hajawahi kuanza shambulio mkono ukiwa chini. Kambini, mwekeni mkono chini na mumpe marudio kumi ya kuzuia mbio, moja kwa moja. Tazameni mguu wa kwanza. Ukirudi nyuma kabla ya kwenda mbele, kwa kilo zake zote atafika amechelewa. Kosa hilo linarekebishika. Nyonga ngumu hairekebishiki kirahisi: akishindwa kukaa chini magoti yakiwa yamekunjwa na mgongo ulionyooka, atabaki kuinama kiunoni, na mlinzi atamvuta aanguke.

Kwotabeki aliyezoea kutazama kadi za maelekezo kutoka pembeni mwa uwanja mpe mashambulizi matano ayaeleze kwa mdomo, kisha ayarudie baada ya saa moja. Mumuulize pia alikuwa anamtazama mlinzi yupi. Akijibu kwa jina la mpokeaji wake, bado hajasoma ulinzi. Taitiendi aliyecheza kama mpokeaji mkubwa apambanishwe na mlinzi wa ukingo mara kumi. Mkwepaji atajulikana kufikia mara ya tatu.

Nyota ambazo tovuti za usajili humpa kijana hazijui mfumo wako. Zinajaribu kumpima kwa jumla, na kwa jicho la NFL. Mzuiaji wa kilo 118 mwenye nyota mbili anaweza kuwa dhahabu kwa chaguo tatu, na mkimbiaji mzito wa nyota nne akakaa benchi kwa timu inayotaka mkimbiaji wa kudaka pasi.

Mgao wa nafasi

Tangu msimu wa 2025, baada ya makubaliano ya kesi ya House, iliyohusu malipo ya wanamichezo wa vyuo, vyuo vilivyoingia humo vina kikomo cha wachezaji 105 badala ya kikomo cha zamani cha ufadhili 85. Zamani timu iliweza kurundika wachezaji wasio na ufadhili. Sasa kila nafasi ina gharama. Tukitenga 48 kwa ushambuliaji, mgao unaofaa unaonekana hivi. Timu ya kutawanya: kwotabeki 4, wakimbiaji 6, wapokeaji 15, taitiendi 5, wazuiaji 18. Timu ya nguvu: kwotabeki 4, wakimbiaji 9 pamoja na wale wa kuzuia, wapokeaji 10, taitiendi 7, wazuiaji 18. Timu ya chaguo tatu: kwotabeki 6, kwa sababu hugongwa na kuumia zaidi, wakimbiaji wa kati 6, wa pembeni 10, wapokeaji 8, wazuiaji 18.

Linganisha mgao huo na orodha halisi ya chuo. Ukikuta timu inayotangaza kutawanya ina taitiendi tisa na wapokeaji kumi, ama inabadilika, ama kocha anasema hiki na kusajili kile.

Mfumo ukibadilishwa

Hii ndiyo hatari kubwa kwa aliyekwisha kusaini. Nebraska ilitawala miaka ya 1990 kwa mbio za chaguo. Ilipoingia mfumo wa pasi wa kocha Bill Callahan mwaka 2004, ilimaliza 5-6 (ushindi mara 5, kufungwa mara 6) na kukosa mechi ya baada ya msimu kwa mara ya kwanza katika miaka 35. Michigan ilimleta kocha Rich Rodriguez na mfumo wake wa kwotabeki wa kukimbia mwaka 2008. Ryan Mallett, kwotabeki mrefu wa kutupa, akahamia Arkansas, na timu ikamaliza 3-9. Georgia Tech ilipoacha chaguo tatu mwaka 2019 nayo ilimaliza 3-9, ikafungwa hata na The Citadel, chuo cha daraja la chini kinachocheza mfumo uleule waliouacha. Wisconsin ilijaribu kuelekea Air Raid kuanzia 2023. Kocha wake wa ushambuliaji akaondolewa Novemba 2024, na mwaka huo ikakosa mechi ya baada ya msimu baada ya miaka 22 mfululizo.

Makocha hao walijua kazi. Kilichowakwamisha ni miili iliyosajiliwa kwa ahadi nyingine. Kwotabeki na wapokeaji wanapatikana kwenye potali ya uhamisho, orodha ya wachezaji wanaotaka kuhama, ndani ya majira moja ya baridi. Hata kabla ya potali, LSU ilifaidika na Joe Burrow, aliyehamia kutoka Ohio State mwaka 2018 na kutupa pasi 60 za tachidauni, yaani zilizozaa alama, mwaka 2019 kocha Joe Brady alipoleta mbinu mpya. Lakini LSU tayari ilikuwa na Ja'Marr Chase na Justin Jefferson. Wazuiaji hawapatikani hivyo. Kijana wa miaka 18 anayeingia na kilo 120 huhitaji miaka miwili hadi mitatu ya chakula na vyuma ili abebe kilo 138 bila kupoteza miguu yake. Kwa hiyo kocha mpya akisema mfumo utakamilika mwaka wa kwanza, tazama wazuiaji wake walisajiliwa na nani na kwa ajili ya nini.

Wengi husaini Desemba, tangu kipindi cha mapema cha kusaini kilipoanzishwa mwaka 2017, na makocha wa ushambuliaji hubadilishana vyuo wiki hizohizo hadi Januari. Kabla ya kusaini, kijana amuulize kocha mkuu, si kocha wa ushambuliaji, maswali mawili: huyu akiondoka, nani ataita mashambulizi, na mfumo ni wa nani kati yenu? Kocha mkuu ambaye mfumo ni wake atajibu papo hapo, pengine akichora ubaoni. Anayesema "tutatafuta mtu mzuri" amekuambia kwamba namba ulizohesabu kwenye mechi tatu zinaweza kuisha siku moja na mkataba wa msaidizi wake.